Mhadhara Mkuu wa Kioo Kilichogoma, Kama Ulivyotolewa Pujini na Bingwa Mwenyewe

Mheshimiwa Sheha, wazee wa baraza, akina mama mliosimama kwa kuwa viti vyote vimekaliwa na wanaume, vijana mnaosubiri gari ya Chake Chake, na wewe mwenye baiskeli uliyesimama ukidhani pana msiba: karibuni. Hapana msiba. Pana elimu.

Kwa wachache ambao kwa bahati mbaya hawanijui, mimi ndiye Bingwa Mkuu wa Vioo vya Umeme katika Mkoa wa Kusini Pemba, Mlezi wa Mafundi Chipukizi, na Mshauri wa Kudumu wa Milango ya Magari ya Mitumba kuanzia hapa Pujini hadi kiwanja cha ndege. Vyeo hivi sikupewa na mtu. Aliyepewa cheo huweza kuvuliwa. Mimi nimejivika mwenyewe, na sioni sababu ya kujivua. Cheti ninacho ndani ya mfuko wa koti, nimekiandika kwa hati yangu, kilichobaki ni muhuri tu.

Mgonjwa wetu ni huyo hapo chini ya mwembe. Gari nyeupe ya Kijapani, ya miaka ya tisini, imemaliza ujana wake huko ilikozaliwa ikaja kwetu ikiwa na mvi. Vioo vyake vinne ni vya umeme, na vyote vinne vimegoma. Vitatu mgomo ulivikuta juu, vimebaki juu. Cha dereva ulikikuta chini, kimebaki chini, tena katikati ya masika. Mwenye gari ameziba uwazi kwa gunia la karafuu, na abiria wake wanafika Chake wakinukia ghala zima. Hali hii haikubaliki, ndiyo iliyonitoa nyumbani bila hata kumaliza chai.

Naam, bi mkubwa, nimeuona mkono wako. Shikamoo. Maswali mwishoni.

Tuanze na historia, kwani anayeanza na bisibisi ni fundi, anayeanza na historia ni bingwa. Mwaka 1940 kampuni ya Packard huko Marekani ilitoa gari ambayo vioo vyake vilisukumwa kwa mafuta yenye shinikizo. Mwaka 1951 Chrysler nao wakaja na Imperial, yenye vioo vinavyokwenda kwa umeme. Kabla ya hapo mwanadamu alizungusha mkono wa kioo, akapata upepo na mazoezi kwa pamoja. Aliyeleta umeme alimwondolea mazoezi. Upepo akamwachia fundi auamue.

Na sisi Pujini si wageni wa mambo makubwa. Mtawala Mkama Ndume alijenga ngome yake hapa katika karne ya 15, na magofu yake mnayaona kila mnapokwenda shamba. Mapokeo yanasema aliwabebesha watu mawe vichwani na kuwalazimisha watambae kwa makalio mpaka kwenye ujenzi. Nawakumbusha habari hii ili vijana wawili wanaonishikia mwavuli waache kunung'unika.

Sasa, kuna mzee mmoja, simtaji, amekaa kiti cha tatu kutoka kushoto, aliyeniuliza asubuhi kama kioo kimegoma kwa sababu umeme umekatika. Ami yangu, huo ni umeme mwengine. Umeme wa taa zako unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kilomita 78 hivi, tangu mwaka 2010. Kabla yake Pemba iliwashwa na majenereta ya Wesha. Umeme wa kioo unatoka kwenye betri ya gari, volti 12, safari isiyozidi hatua mbili tatu. Ajabu yake ni kuwa ule wa baharini unafika Pujini, na huu wa hatua mbili unapotea njiani. Wapi unapotea? Hilo ndilo swali la kitaalamu, na jibu lake nitalitoa kwa mpangilio wangu.

Bi mkubwa, nimesema mwishoni. Unasema nini? Ati ulipanda kiti cha nyuma Jumatatu ukienda hospitali, na dereva alipoufungua mlango wake kidogo kioo chako kikashuka? Tumekusikia, ahsante. Hayo huitwa masimulizi. Hapa tunafanya sayansi.

Fyuzi sitaizungumzia sana, haina makuu. Inakaa kisandukuni, mara nyingi chini ya dashibodi, na utepe wake ukikatika imeungua. Lakini haiungui kwa kupenda. Mwenye kuitoa fyuzi ya ampea 20 au 30 akaweka karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara hajatengeneza kioo, ametengeneza jiko. Niliwahi kuiona gari iliyofanyiwa hivyo. Haikuwa tena na tatizo la kioo, wala la viti. Fyuzi ya gari hii ni nzima; huyu kijana fundi wa hapa njiapanda aliigusa kwa taa ya testa pande zote mbili, ikawaka pande zote mbili. Nilimruhusu.

Baada ya fyuzi linakuja sikio. Washa swichi ya gari, bonyeza kitufe cha kioo, funga mdomo. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kwa watu wa baraza. Ukisikia mota inavuma na kioo hakiendi, umeme umefika na kosa liko kwenye mashine ya kioo: waya wa kuvutia umekatika, au kipande cha plastiki kinachokishika kioo kimevunjika, au meno yamelika. Ukisikia mota inalalama na kioo kinapanda kwa kusuasua kama kimefungiwa mzigo, tazama raba za pembeni. Usiposikia chochote, umeme haujafika, au umefika ukamkuta mota maiti. Gari hii tulipoibonyeza hatukusikia chochote. Milango minne, kimya mara nne.

Fundi wa kawaida hapo angebabaika. Mimi nilitambua papo hapo: uchovu wa sumaku. Ndani ya kila mota mna sumaku. Sumaku hizi zilizoea Japani, zinaijua kaskazini. Zikiletwa Pemba, jirani na ikweta, hazijui zielekee wapi, zinakaa kitako. Zote nne kwa siku moja, naam, kwa kuwa ni ndugu. Kijana, cheka taratibu, unaitingisha meza ya mhadhara.

Ndiyo maana niliagiza mlango wa dereva ufunguliwe wote, na vipande vyake mnaviona juu ya mkeka. Hapa nitataka muangalie kwa makini. Kava ya mlango imeshikwa na skrubu ambazo Mjapani amezificha: moja nyuma ya kishikio cha kufungulia, nyengine ndani ya mkono wa kuvutia mlango, chini ya kifuniko kidogo ambacho hukioni mpaka uwe umeshavunja kitu. Skrubu zikitoka, kava inabaki na klipu za plastiki pembeni. Klipu za gari yenye miaka hii zimekauka. Ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa karibu kabisa na klipu, vuta taratibu. Atakayeng'oa kwa hasira atarudisha kava kwa gundi, na mlango utakuwa unalia njia nzima kutoka hapa hadi Wete.

Ndani utakuta nailoni imegandishwa kwenye bati. Watu wengi huichana na kuitupa wakidhani ni karatasi ya dukani iliyosahauliwa. Jamani, mvua ikipiga kioo, maji hayaishii nje. Mengine huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango, hivyo ndivyo ulivyoumbwa, kisha hutokea chini kwenye vitundu. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwenye kava na swichi na magoti yako. Na vile vitundu vya chini vizibueni kwa kijiti. Katika mlango huu kijana ametoa tope, majani ya mwembe, na sarafu moja ambayo mwenye gari ameitambua kuwa ni yake. Hewa yetu ina chumvi, bahari hiyo hapo nyuma ya mikoko; mlango unaoweka maji ndani yake huku Pujini unaoza kuanzia chini, na mashine ya kioo inaoza pamoja nao.

Mashine zenyewe ni za namna mbili. Iko ya kamba, ambamo waya mwembamba wa chuma unazunguka kwenye gurudumu dogo na kuvuta kioo juu ya reli. Na iko ya mkasi, kama hii, yenye mikono miwili inayopishana na kipande kipana cha meno. Kwenye ya mkasi kuna springi iliyokunjwa kwa nguvu ili kuisaidia mota kubeba uzito wa kioo. Hapa naacha maskhara. Mota ndiyo inayoizuia springi ile. Ukiifungua mota bila kwanza kuufunga mkono wa mashine kwa boliti au jiliwa, springi inajikunjua kwa mkupuo, na meno hayaulizi kidole ni cha nani. Na kabla ya yote hayo, kioo kikiwa juu kigandishe kwa tepu pana kutoka ndani, juu ya fremu ya mlango, hadi nje. Kioo cha dirisha la gari kikianguka ndani ya mlango hakipasuki vipande viwili. Kinakuwa chembe, na utakuwa unaziokota mpaka karafuu za mwaka kesho.

Kuna jambo jengine zuri kwenye mota. Gia yake ni ya parafujo: parafujo inalizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo. Kwa hiyo kioo kizima hakisukumiki chini kwa mkono, na mwizi anaondoka na aibu. Kikianza kusukumika, jueni ndani kuna kilichovunjika. Tena mota nyingi zina kinga ya joto; mtoto akicheza na kitufe juu chini juu chini, mota inajikata yenyewe, na ikipoa inarudi. Wapo waliokwishanunua mota mpya wakati ile ya zamani ilikuwa imepumzika tu. Nyengine hufa kwa kaboni kulika. Hizo huamka kwa kipigo: dereva anabonyeza kitufe huku anaupiga mlango ngumi, na kioo kinapanda. Mkimwona mtu njia ya Wawi anaugombeza mlango wake, msimsengenye, anatibu. Ila tiba hiyo haidumu.

Raba za pembeni zipakeni silikoni, si grisi. Grisi inaufurisha mpira na kukusanya vumbi.

Bi mkubwa, tafadhali. Mara ya pili sasa. Ati mlango ukifungwa vinakufa, ukifunguliwa vinafufuka? Bi mkubwa wangu, kwa heshima zote, mlango ni mlango na umeme ni umeme. Mpeni bi mkubwa kiti, labda ni miguu inayomsumbua. Mheshimiwa Sheha, wewe ni kijana bado, mpishe.

Sasa nafika kwenye kilele cha mhadhara, yaani swichi, na hapa Pujini tuna bahati kwani mfano wake umechimbwa ardhini. Katika magofu ya Mkama Ndume mna kisima, na wazee wanasimulia kwamba mtawala yule alikigawa kwa ukuta kwa ajili ya wake zake wawili wasiopatana. Mmoja akateka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenzake akashuka kwa ngazi upande wa pili, wasionane nyuso. Kila mmoja akajiona ana kisima chake. Maji yalikuwa yale yale.

Basi ndivyo walivyo abiria. Kila mmoja ana kitufe mlangoni kwake, anaringa nacho. Lakini katika gari nyingi za zamani umeme wa vitufe vyote hupitia kwenye swichi kuu iliyo mlangoni kwa dereva. Mota ya kioo ina waya mbili tu. Ukitaka kipande, waya hii inapewa chanya na ile hasi, ukitaka kishuke zinabadilishana. Waya hizo zinapata hasi yake kwa kupitia swichi kuu. Kwa hiyo ncha moja ikiungua kwa dereva, abiria wa nyuma anabonyeza mpaka ukucha unakatika na hapati kitu, na kosa haliko kwake. Kwenye swichi kuu hiyo hiyo kuna kitufe cha kufungia vioo vya abiria, kilichowekwa kwa ajili ya watoto na kikawapata watu wazima. Kabla ya kumwita fundi kutoka Chake na kumlipia nauli, kibonyezeni hicho kwanza. Ninawajua wawili hapa waliolipa nauli. Mmoja ameinamisha kichwa, sitamtazama.

Swichi hufa kwa chai. Mjapani ameiweka pale pale dereva anapopumzishia kikombe. Ukiifungua utakuta ncha za shaba zimefanya weusi, au zimeshikana kwa sukari. Zisafisheni kwa msasa laini kabisa au kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, na kidole chepesi. Swichi ya gari hii niliikagua mwenyewe. Ni safi. Nilihuzunika kidogo, nilikuwa nimetayarisha aya mbili juu ya sukari.

Swichi safi, fyuzi safi, mota nne zote zimekufa pamoja. Mnaona sasa jinsi nadharia ya uchovu wa sumaku inavyosimama peke yake, imara, kama mnara wa...

Kijana! Unafanya nini huko kwenye bawaba? Nani amekutuma? Mbona unauvuta huo mpira?

Wasikilizaji, tulieni. Huyu kijana amefungua kile kibomba cha mpira chenye mikunjo, kilichopo baina ya mlango wa dereva na bodi ya gari. Ndani yake ndimo zinamopita waya zote zinazokwenda mlangoni. Hebu inua juu waone. Waya nene ile imegeuka kijani, imekatika katikati, ncha zake zinatazamana kama watu waliogombana sokoni. Mlango ukifunguliwa kidogo mpira unajikunja, ncha zinagusana, umeme unapita. Mlango ukifungwa zinaachana. Waya hiyo ndiyo inayouingiza umeme kwenye swichi kuu, na kutoka hapo kwenda milango yote minne.

Ndivyo hasa! Ndivyo nilivyokuwa nikiwaandaa muelewe tangu nilipoanza. Sikutaka kulisema mapema, kwani elimu inayotolewa haraka haikai kichwani. Nilisema umeme unapotea njiani, je, sikusema? Yupo hapa shahidi, mzee wa kiti cha tatu. Mlango wa dereva unafunguliwa na kufungwa kuliko mingine yote, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Shaba inakunjwa pale pale mpaka nyuzi zake zinakatika moja moja, na chumvi inamalizia kazi. Katika gari za umri huu, kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kufa ukifungwa kinakwambia chenyewe ukatafute wapi. Atakayeanza kwa kung'oa kava amejitafutia kazi. Vile vipande vilivyo kwenye mkeka viko pale kwa ajili ya mafunzo.

Kijana ataunga, nami nitaeleza anachofanya ili kazi yake iwe na maana. Kwanza anafungua hasi ya betri, asije akagusisha chanya na bodi. Anakata kila palipogeuka kijani mpaka aifikie shaba inayong'aa. Kuunga kijani kwa kijani ni kuahirisha. Kisha anaongeza kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, unene ule ule. Msichukue waya wa nyumba ulio mgumu, wenye shaba moja nene. Ule umeumbwa kukaa ukutani bila kutikisika; ukiuweka mlangoni utavunjika kabla ya vuli. Anatia lehemu, anazungushia tepu ya umeme, na maungio anayatoa nje ya ule mkunjo, ili panapokunjwa pawe na waya mzima. Pengine waya mbili tatu za jirani nazo zimeanza kuchubuka. Anaziunga pia, kila moja mahali pake, zisije zikalaliana. Anaacha ulegevu kidogo, anaurudisha mpira kwenye tundu lake usiingize maji.

Naona amemaliza. Haraka hivi? Ninyi vijana hamna subira. Haya, rudisha betri. Funga mlango. Funga kabisa, tusikie. Bonyeza.

Kinapanda. Tazameni kinavyopanda! Ondoeni gunia, mtalivuta ndani! Alhamdulillahi. Vya nyuma je? Shusha, pandisha. Vyote vinne. Makofi, tafadhali. Hapana, upande huu, mimi niko huku.

Bi mkubwa anasema yeye alilisema. Bi mkubwa alisimulia; mimi nimethibitisha. Tofauti hii nitaifafanua katika mhadhara wa pekee kwa atakayejiandikisha.

Mambo ya mwisho, kwani mvua hiyo inakuja kutoka baharini. Kijana arudishe kava yote kabla ya Adhuhuri, na klipu mbili zilizovunjika zilivunjwa na umri, si na mimi. Mwenye gari atamlipa kijana kwa waya, lehemu na kazi, na atanilipa mimi kwa mwongozo. Nimeona amempa kijana mkononi na mimi amenipa shukrani. Nitaipokea kwa sasa, daftari ninalo. Mnaokwenda Chake ingieni. Milango yake fungeni taratibu, waya za milango mingine mitatu zina umri ule ule na hakuna aliyezitazama.

Mhadhara ujao ni Ijumaa baada ya sala, hapa hapa, juu ya honi inayolia yenyewe usiku. Mwenye honi ya namna hiyo aje nayo. Bi mkubwa asijisumbue kutoka. Matokeo nitampelekea nyumbani.